Kabla ya Kujaza Fomu ya Ubingwa wa Radiolojia

Daktari anayesomea ubingwa wa radiolojia Muhimbili huhitimu kwa miaka mitatu. Makerere pia ni mitatu. Mwenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi hukaa minne, sawa na wa Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret. Uingereza ni mitano, na sita kwa anayechukua upande wa tiba inayoongozwa na picha. Marekani huanza na mwaka mmoja wa kazi za wodini, ikafuata minne ya radiolojia, na wengi huongeza mwaka wa kubobea kabla hawajatafuta ajira. Mzazi anayelipa ada akiiona hesabu hiyo atauliza, na ana haki ya kuuliza: mbona wa kwetu wanapikwa haraka?

Idadi ya miaka inadanganya. Miaka mitatu katika hospitali ambayo CT yake haizimiki, huku bingwa akikaa ubavuni mwako, ni mingi kuliko mitano ya kungoja fundi aje kutengeneza mashine. Tena sehemu ya tofauti hiyo imefichwa nje ya kozi. Uingereza daktari hufanya miaka miwili ya mafunzo ya awali baada ya chuo ndipo aruhusiwe kuomba nafasi ya radiolojia. Kwetu tarajali ni mwaka mmoja, lakini wengi huingia kwenye ubingwa wakiwa tayari wamekaa wilayani miaka kadhaa, wamepasua, wamezalisha, wameshuhudia vifo. Uzoefu huo hauonekani kwenye cheti ingawa kazini unaonekana.

Makala haya ni kwa daktari aliyemaliza tarajali na anafikiria kuomba, na kwa wanaomsomesha: ndugu, halmashauri, au hospitali ya misheni inayotaka kumtoa mtu wake akasome arudi.

Tutenganishe watu kwanza, maana hata ndani ya hospitali huchanganywa. Anayekupanga mbele ya mashine na kukuambia vuta pumzi, shikilia, ni mteknolojia wa radiolojia, wengine humwita radiografa. Amesomea stashahada au shahada ya kazi hiyo, na picha nzuri hutoka mikononi mwake. Daktari bingwa wa radiolojia ni daktari kamili, aliyesoma udaktari miaka mitano au sita, akafanya tarajali, kisha akasomea kuzisoma hizo picha, kuandika ripoti na kufanya vipimo vinavyohitaji sindano au mrija. Katika hospitali nyingi za wilaya huyu wa pili hayupo. Picha husomwa na daktari wa zamu aliyeiomba, akiinyanyua kuelekea dirishani.

Chukua picha ya kifua, ile ya kawaida kabisa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiwekwa mbele ya skrini hukimbilia mapafu. Bingwa atamrudisha nyuma. Jina ni la mgonjwa huyu? Tarehe ni ya leo? Alama ya upande wa kushoto na kulia iko mahali pake? Mitulinga miwili iko sawa na uti wa mgongo, au mgonjwa alisimama kombo na sasa moyo unaonekana mkubwa bure? Amevuta pumzi ya kutosha? Hapo zinahesabiwa mbavu. Baada ya hayo ndipo wanaingia mapafuni, wakianza na ncha za juu nyuma ya mitulinga, ambako kifua kikuu hupenda kujificha. Kisha nyuma ya moyo. Kisha chini ya kiwambo, ambako hewa isiyotakiwa kuwepo huashiria utumbo uliotoboka. Kisha mifupa, mbavu moja moja, hadi mabega.

Kosa kubwa la mwanafunzi si kutojua magonjwa. Anaona kitu kimoja, anafurahi, anaacha kutafuta. Mbavu iliyovunjika imeshaonekana, ripoti imeshaandikwa, na kile kivimbe kidogo nyuma ya moyo kimebaki hapo hapo kikimtazama. Kinachomtoa kwenye tabia hiyo ni mtu anayekaa nyuma yake na kugusa skrini kwa kidole: na hapa? Anafanya hivyo mara mia, mara elfu, hadi jicho lizoee kurudi lenyewe. Kitabu hakitoi hilo, hata video za mtandaoni hazitoi, japokuwa zote zinasaidia.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kuhusu kozi yoyote, iwe Dar es Salaam, Moshi, Kampala au Leeds, ni hili: ripoti ninayoandika itapitiwa na nani, na lini? Kama jibu ni bingwa huipitia siku hiyo hiyo mkiwa pamoja, hiyo ni kozi. Kama jibu ni kwamba anasaini rundo Ijumaa jioni, utajifunza kuandika haraka na kukosea kwa kujiamini. Waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakiwa peke yao kantini. Mkuu wa idara atakuambia kilichoandikwa kwenye mtaala.

Kwa Afrika Mashariki, ubingwa huu uko chini ya vyuo vikuu. Unasajiliwa kama mwanafunzi wa shahada ya uzamili, unapita mizunguko ya idara, unafanya mitihani ya nadharia na ya vitendo, na unaandika tasnifu. Watahini wa nje hualikwa, mara nyingi kutoka vyuo vya nchi jirani, na utaratibu huo umesaidia sana kuzuia viwango visiachane mbali. Tasnifu ndiyo huwakwamisha watu. Yupo anayesoma picha vizuri kuliko wenzake wote lakini anachelewa kuhitimu kwa sababu kibali cha utafiti kilikaa ofisini, au msimamizi wake alisafiri. Anza kufikiria mada ya tasnifu mwaka wa kwanza.

Nigeria na Ghana wamefuata njia nyingine. Huko ubingwa uko mikononi mwa vyuo vya kitaaluma vinavyotahini wanafunzi walioajiriwa na hospitali. Daktari anayesomea ni mfanyakazi mwenye mshahara, kama ilivyo Uingereza na Marekani. Kwetu ni mwanafunzi anayelipa ada ya chuo na wakati huo huo anashika zamu ya usiku kama mwajiriwa. Asiye na mwajiri wa kumlipia huishia kufanya vibarua vya ultrasaundi kliniki za mitaani ili apate kodi ya nyumba, na saa hizo zinatoka kwenye usomaji wake. Wanaopanga mitaala hawapendi kulizungumzia. Naamini hapo ndipo tofauti kubwa kati ya mwanafunzi wa huku na wa kule ilipo, kubwa kuliko ile ya mwaka mmoja au miwili ya kozi.

Basi pesa zipangwe mapema. Tanzania, Wizara ya Afya hutangaza ufadhili wa masomo ya ubingwa, ukiwemo ule uliopewa jina la Rais Samia, na radiolojia ni miongoni mwa fani zenye uhaba. Aliyeajiriwa serikalini ahakikishe ana barua ya ruhusa ya masomo mkononi kabla hajaripoti chuoni, kwa sababu kuna watu waliojikuta darasani huku mshahara umesimamishwa. Kenya, daktari wa kaunti asome mkataba wake neno kwa neno: kaunti italipa ada, mshahara, au vyote, na inadai miaka mingapi ya kurudi kutumika? Gharama za tasnifu, vitabu na ada ya mitihani huwa haziandikwi popote, nawe utazilipa.

Kuhusu mashine, mambo yamekwenda kinyume: vifaa vimetangulia wasomaji wake. Mwaka 2015 serikali ya Kenya iliingia mikataba ya kukodi vifaa vya hospitali, mpango uliojulikana kwa kifupi kama MES, ukigusa hospitali 98 katika kaunti zote 47. Vifaa vya radiolojia vilikuwemo. Baadaye Seneti iliunda kamati maalumu kuuchunguza mpango huo, na miongoni mwa malalamiko yaliyosikika ni mashine kukaa tu kwa kukosa wataalamu. Tanzania, sehemu ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 uliotoka Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021 ilinunua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa. Mgonjwa wa kiharusi mkoani hahitaji tena kubebwa hadi Dar es Salaam ili ijulikane kama ni damu imevuja au mshipa umeziba, na hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini mashine ilifika kwa meli katika miezi, na msomaji wake anachukua miaka kumpata. Katikati hapo picha zinasafiri kwa simu, nyingine kwa mifumo rasmi ya tiba mtandao, nyingine, tuseme ukweli, kwa WhatsApp, zikiwa zimepigwa kutoka kwenye skrini na mwanga wa dirisha ukimeta juu yake.

Hili linamhusu anayechagua chuo kwa namna mbili. Kwanza, aulize mashine ipi inafanya kazi leo. Asiridhike kuambiwa ipi ipo. MRI iliyokaa miezi minane bila kufanya kazi ni sehemu ya mtaala ambayo hataipata, na chuo makini humpeleka mwanafunzi hospitali nyingine akafidie. Pili, anayesomeshwa na hospitali ya mkoa atarudi kuwa peke yake. Kule chuoni alikuwa na wa kumuuliza, na mkoani yeye ndiye atakayeulizwa na madaktari wa upasuaji, wa watoto, wa wanawake, hata mkuu wa wilaya aliyeumwa kiuno. Mtu wa namna hiyo ajifunze ultrasaundi hadi imkae mikononi, na ajue CT ya kichwa na ya tumbo kwa undani. Moyo kwa MRI anaweza kuuacha kwa wengine.

Mahali hufundisha pia kwa magonjwa yake. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni kati ya sehemu zilizojulikana duniani kwa uvimbe wa maji unaoletwa na minyoo ya mbwa, na tangu miaka ya 1980 ultrasaundi imebebwa hadi vijijini kuutafuta. Uvimbe huo huonekana ndani ya ini kama mfuko wenye mifuko midogo ndani yake. Asiyeujua anaweza kudhani ni jipu, akauchoma sindano bila maandalizi, na maji yake yakimwagika mgonjwa anaweza kupata mshtuko wa mzio utakaomwua. Kanda ya Ziwa Victoria, mwanafunzi ataona ini lenye makovu ya kichocho wiki hata wiki, mistari myeupe ikiifuata mishipa. Saratani ya taya ya watoto ambayo Denis Burkitt aliieleza kutoka Kampala mwaka 1958 bado ni somo la kila siku katika wodi za Uganda. Mwanafunzi wa London anayaona haya kwenye mhadhara mmoja. Yeye naye ana PET na vipimo vya tezi dume kwa MRI ambavyo wa kwetu, nje ya Nairobi na vituo vichache, hukutana navyo zaidi kitabuni. Kwa anayekusudia kufanya kazi Musoma au Lodwar, sioni kwa nini aone haya kusomea karibu na huko.

Kampala kuna jambo lingine la kufaa kulijua. Daktari mmisionari Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, na katika hospitali hiyo hiyo ipo taasisi ya Ernest Cook inayofundisha ultrasaundi na fani nyingine za upigaji picha. Kwa daktari au mteknolojia asiyeweza kuondoka miaka mitatu, kozi fupi ya ultrasaundi katika taasisi inayotambulika ni hatua ya heshima. Asirudi tu akijiita bingwa.

Upande uliobadilika zaidi ni tiba inayoongozwa na picha. Fikiria mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Uvimbe umebana mirija inayotoa mkojo kwenye figo, figo zimejaa, damu inachafuka, na dawa za saratani haziwezi kuanza. Bingwa wa upande huu huangalia figo kwa ultrasaundi, hupitisha sindano mgongoni, waya, kisha mrija mwembamba, mkojo hutoka nje kwenye mfuko. Mgonjwa hakupasuliwa, na ndani ya siku chache figo huweza kurudi kazini. Mirija ya nyongo iliyoziba, majipu ya ndani na uvimbe wa kizazi unaovuja damu navyo hushughulikiwa kwa njia za jamii hiyo.

Kabla ya 2018 daktari wa Tanzania aliyetaka ujuzi huo alipaswa kusafiri. Mwaka huo timu za kujitolea zilizoanzia Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani zilianza kuja Muhimbili kwa zamu: daktari, muuguzi na mteknolojia pamoja, wakikaa wiki mbili na kufundisha wenzao wa hapa kila mtu kwa kada yake. Mwaka uliofuata MUHAS, chuo kikuu cha Muhimbili, ikaanzisha shahada ya uzamili ya miaka miwili kwa mabingwa wa radiolojia, ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki, na wahitimu wa kwanza wakatoka mwaka 2021. Naupenda utaratibu huu kwa sababu haukumhamisha mwanafunzi. Alijifunza kwa mrija anaoweza kuupata bohari ya hapa na kwa wagonjwa atakaobaki nao. Ugumu wake ni vifaa, kwani waya na mirija hiyo ni ya kutumia mara moja na ni ghali. Anayetaka kwenda huko aulize nani ananunua.

Sasa kwa wanaotazama ng'ambo. Uingereza ina mtaala mmoja na mitihani ya aina moja, ile ya FRCR, lakini mikoa yake haifanani. Miji mikubwa hupata waombaji tele, pembezoni hukosa mabingwa, na sensa ya chuo chao cha kitaaluma kwa mwaka 2023 ilikadiria upungufu wa asilimia 30 nchi nzima. Walichofanya ni kujenga vituo vya kufundishia nje ya London. Mwaka 2005 vilifunguliwa Norwich, Leeds na Plymouth, na Wales ikafungua cha kwake Pencoed mwaka 2018. Wanafunzi hukaa pamoja mbele ya skrini, wakisoma picha zilizohifadhiwa wakiwa na walimu, kisha huenda hospitalini kwa wagonjwa. Hospitali ndogo hupata wanafunzi bila kubeba mzigo wote wa kuwafundisha. Mwanza, Mbeya au Kisumu wangeweza kuiga jambo hilo bila kungoja majengo, maana kinachohitajika ni skrini nzuri, hifadhi ya picha na mwalimu aliyepewa muda wa kufundisha.

Kuna mitego miwili ya safari. Nafasi za Uingereza zinazoitwa MTI huchukua daktari wa nje hadi miezi 24. Ni uzoefu mzuri kwa aliye tayari bingwa, ila hazimpi ubingwa asiyekuwa nao. Afrika Kusini huwapokea madaktari wa nje kwa nafasi za ziada, ambapo nchi au mwajiri wako hugharimia na unatarajiwa kurudi ukimaliza, kwa hiyo usiuze shamba ukidhani utaajiriwa Cape Town. Kokote uendako, andika barua kwa baraza la madaktari la nchi yako kabla ya kukata tiketi, uulize kama cheti hicho kitakuandikisha kama bingwa. Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na shahada ya nje huhakikiwa pia na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Kenya ni KMPDC, Uganda UMDPC. Jibu lihifadhiwe kwa maandishi. Cheti cha miezi mitatu ya kutazama wengine wakifanya kazi, hata kikiwa na muhuri wa dhahabu, hakimfanyi mtu bingwa.

Swali moja dogo husahaulika kila mara: je, nitapewa kipima mionzi changu mwenyewe, na kitasomwa? Ni kile kibeji kinachovaliwa kifuani. Tanzania husomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Idara isiyoweza kukujibu hilo, au yenye aproni ya risasi moja kwa watu wanne, imekueleza mengi kuhusu malezi yake bila kutaka.

Na tangu siku ya kwanza weka daftari lako: tarehe, aina ya kipimo, ulichokiona, bingwa alichosahihisha. Usiandike majina ya wagonjwa. Ukurasa wa masahihisho ndio utakaousoma usiku wa kuamkia mtihani wa vitendo.

Mgonjwa naye asiachwe nje. Picha yako iliyosomwa na bingwa inapaswa kuwa na ripoti ya maandishi yenye jina na sahihi ya aliyeisoma. Iombe. Ukiambiwa picha imesomwa kwa mdomo tu, uliza nani kaisoma na kama inaweza kutumwa kwa bingwa wa hospitali ya rufaa. Picha za zamani, ziwe filamu kwenye bahasha au diski, nenda nazo kila unapopigwa mpya, kwa sababu kivuli kisichobadilika kwa miaka miwili na kivuli kilichoota mwezi uliopita husomwa tofauti kabisa.